Maharage ya Mama Béata

Ijumaa, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, Straton alizima gari mbele ya nyumba ya likizo waliyoikodi mlimani, juu ya Kirotshe. Walikuwa wametoka Bukavu alfajiri kuelekea kaskazini. Matope yaliwanasa mara mbili. Hata binti yao Umurerwa, wa miaka sita, alikuwa ameacha kulalamika.

Mlango ulikuwa wazi. Jikoni, juu ya mafiga, maharage yalichemka.

"Mulinzi iko muntu muzuri," alisema Drocella, mkewe.

"Tukule, Mama Umurerwa. Aksanti utamupa kesho."

Wakasali, wakala. Umurerwa akalala palepale, kando ya moto.

Ndipo mlinzi, Papa Nzabonimpa, akaingia akitweta, gunia la makaa begani.

"Munisamehe, nimechelewa. Muliingia namna gani? Ufunguo njo huu."

Straton akacheka. "Na ile maharagi, Papa, ulipika kwa simu?"

Mzee hakucheka. Alikitazama chungu. Akashusha sauti.

"Mimi sikupika... Ni Mama Béata, mwenye nyumba. Tulimuzika mbele ya Pasaka. Hakupendaka mugeni akule, kisha aende bila kuomba njia."

Drocella aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Mgeni aliyekula humwomba mwenyeji njia, na hanyanyuki kabla ya kujibiwa. Alikuwa amechoka mno hata asiweze kubisha. Akaugeukia moto, akasema kama watu wazima wanavyosema harusini.

"Mama Béata, tumeshiba. Mimi na bwana yangu, tunaomba njia."

Kuni zikapasuka. Kisha, nyuma ya ukuta, sauti ya mwanamke mzee, taratibu...

"Njia iko."

Straton akambeba mtoto, wakakimbilia gari.

Walipofika Kirotshe, Drocella alimtikisa Umurerwa anywe maji. Hakuamka. Akamtikisa tena, akamwita jina. Mtoto alipumua, lakini macho hayakufunguka. Nguo zake zilinuka moshi.

Simu ikalia, Drocella akaiweka spika. Alikuwa Nzabonimpa, akinong'ona.

"Mama... kuko mutoto analia huku jikoni. Simuone. Namusikia tu. Anauliza juu ya nini uliomba njia yako na ya papa, yake ukaacha."

Drocella akayakumbuka maneno yake.

Mimi na bwana yangu.

Taa za hospitali zilikuwa zinaonekana mbele yao. Saa moja na dakika kumi usiku, Straton aligeuza gari.