Sura ya Wajane Kumi

Haya yalimpata rafiki yangu Winfrida, anayeandika riwaya ya kutisha kuhusu vita vya karne ya kumi na tisa. Alipanda mlimani kijijini kwao Mwika mchana mmoja kulipima pango la ukoo wao. Bibi yake alimsimulia kwamba wanaume wa ukoo waliwafungia humo wajane kumi kwa mawe, ili chakula cha vita kiwatoshe wengine; naye akakiandika kisa hicho, pamoja na majina yao, kuwa sura ya riwaya.

"Futa sura hiyo, mwanangu," baba yake mdogo, Eliamini, alimwambia mlangoni pa pango. "Unatuvua nguo."

"Walioziba pango ndio waliotuvua, baba mdogo. Sifuti hata nukta."

Aliingia akiinama hadi kwenye ukuta wa mawe, akaanza kuisoma sura kwa sauti. Tochi ikazimika. Nyuma ya mawe kitu kikakwaruza, taratibu, kama kucha. Aliendelea kwa kichwa, jina baada ya jina, hadi mjane wa kumi.

Mkwaruzo ukakoma. Kisha kitu chenye unyevu kikasukumwa kutoka kwenye ufa, kikatua kiganjani mwake.

Nje, alifumbua mkono. Lilikuwa jani bichi la isale, limepigwa fundo kama Wachagga wafanyavyo wakiomba msamaha na kupatana. Fundo lilikuwa bado na joto la vidole.