Fulana ya Nondo

Jua lilikuwa linazama Nondo alipokwenda kumchukua dada yake kwenye kibanda chake cha udobi. Ndiyo, Nondo yule yule aliyenyanyua lori kwa mikono mitupu asubuhi ile, dereva akatolewa mzima. Mtaa mzima ulimpigia makofi. Hakuna aliyejua kinachomtoka akishatumia nguvu zile: jasho jeusi, zito kama makohozi, na ndani ya jasho hilo mtu mwingine. Sauti ni yake, roho ni ya kishetani. Ndiyo maana kila fulana aliichoma moto. Hakumwambia hata dada yake. Mficha maradhi, jamani, kifo humuumbua.

Leo fulana aliisahau chini ya kitanda.

Harufu ilimpokea mlangoni. Panya aliyeoza... na sabuni.

Dada alikuwa amempa mgongo, anapiga pasi. Fulana ilikuwa mezani. Dobi gani aache nguo chafu nyumbani kwake? Alilowesha kidole ulimini, akagusa mkunjo, akakirudisha tena ulimini, kama alivyozoea miaka yote. Midomo yake ilikuwa myeusi.

"Dada, acha..."

"Umechelewa," dada alijibu.

Kwa sauti ya Nondo.

Akageuka. Kitu kilikuwa kinapanda na kushuka kooni mwake. Pyuu, hata kusimulia kunatia kichefuchefu. Kikasema kimechoka kufungwa na mwenye nguvu. Huyu ni laini, kitakaa humu mpaka aoze.

Nondo angeweza kuubomoa ukuta kwa ngumi moja. Lakini ampige nani? Mgongo ule ndio uliombeba tangu mama yao alipofariki. Akamzunguka, akamkumbatia kwa nyuma, akambana tumbo taratibu, akihofia kumvunja mbavu. Dada akatapika kwenye beseni, akalala chini macho yamefumba. Utelezi mweusi, una nywele, una meno mawili. Papo hapo ukaanza kupanda ukingo, unamrudia.

Ulitoka kwa Nondo. Hauna pengine pa kwenda ila kwake.

Akapiga magoti. Akaziba pua.

Akanywa.

Nywele zilimganda kooni. Meno yalimkwaruza yakishuka. Machozi yakamtoka, akameza, akalamba beseni mpaka likang'aa. Alijionea kinyaa kuliko maisha yake yote, maana ulikuwa mtamu.

Dada alifumbua macho. Yalikuwa safi, na alipoita, sauti ilikuwa yake mwenyewe. Nondo alilia kwa furaha. Akamfuta midomo, akamwambia yameisha, twende nyumbani.

Dada akamshika mkono, akamnong'oneza.

"Mdogo wangu... umeumaliza wote?"

Akalitazama beseni, akameza mate.