Mukono kwenye Robine

Pikipiki ya TVS ilipanda kilima cha chuo kikuu ikilia kama mbuzi anayechinjwa.

Zabibu hakupunguza mwendo. Motorola ikaita kifuani mwake.

"Maji yamechemka," alisema Papa Twahiri, mukubwa wake kwenye biro ya majasusi.

Maana yake: adui amekwisha kuingia.

"Sufuria gani, Papa?"

"Labo ya mawe. Kwenye presi."

Zabibu aliongeza mwendo.

Asubuhi ile watu wa biro walimukamata mwenye kanoti, mutumbwi wa moteri ya Yamaha, pale bandarini Kalemie, akasema yote. Mafundi wawili wamekuja kutengeneza presi, mashine ya kubana mawe kwenye labo, maabara ya chuo kikuu. Mumoja ni fundi wa kweli. Mwingine wa uongo, ametumwa na watu wa inje kuiba mawe ya madini ya Manono yaliyo kwenye sanduku la labo. Atafungula robine, koki ya mafuta ya presi, kwa nguvu ili presi ipasuke, na watu wakikimbia, yeye atashuka na mawe mpaka kwenye kanoti. Ni yupi kati ya wawili? Mwenye kanoti hakumujua.

"Kama hauwezi kuwatofautisha, piga wote wawili," Papa Twahiri alisema. "Mawe ni mali ya inchi yetu."

Zabibu alisimamisha pikipiki mbele ya labo.

Kwenye mulango mama mumoja alimushika blauzi. Alikuwa Mama Léonie, mama yake Elie, teknisie kijana anayelinda presi ile. Alileta chakula cha mutoto, walinzi wakamuzuia, akasikia minong'ono yao. Akasema Elie ana rafiki kwenye WhatsApp, fundi mupole sana. Jina hakulijua, kwenye simu ameandikwa Fundi tu. Kila siku anaomba picha: ya presi, ya robine, ya mulango wa nyuma. Na yeye mama alikuwa anafurahi, akisema mutoto wangu sasa anajulikana.

Wamama, picha ya kazi ya mutoto haiko picha ya harusi. Musiiache itembee.

"Munirudishie yeye," Mama Léonie alisema. "Hata bila kazi. Yeye tu."

Zabibu alivaa koti ya buluu ya watu wa matengenezo, akaficha bastola yake ya Glock chini yake, akabeba kopo la mafuta.

Akaingia.

Presi ilisimama katikati ya labo, kubwa kuliko kabati. Ndani yake vipande vya chuma kigumu vilikuwa vinabana punje moja ya jiwe, kwa nguvu kama ile ya chini kabisa ya dunia. Nguvu hiyo inaachiliwa polepole, kutwa nzima. Ukiiachilia mara moja, vyuma vinapasuka na kuruka kama risasi.

Elie alisimama mbele yake, macho kwenye mushale wa kipimo cha presio. Kichwa wazi. Kifua wazi.

Nyuma ya bamba nene la chuma walisimama mafundi wawili, Jovial na Emile. Koti moja, maski moja, miwani moja. Kila mumoja ana mukono kwenye robine yake. Wote wawili walikuwa wameandikisha kwamba ni watoto wa ziwa hili, mumoja wa Mpala, mwingine wa Zongwe.

Amuulize Elie rafiki yake ni nani? Wa uongo atasikia, atazungusha robine.

Apige wote? Mumoja ni mutoto wa mutu.

Mushale ukatetemeka.

Mafuta yakaanza kupiga muluzi, haijulikani upande gani. Elie aliuliza wakubwa wake nani amegusa. Jovial akasema labda presi imesikia njaa. Emile akacheka naye.

Muluzi ukapanda.

Zabibu aliweka kopo chini. Akanyoosha kidole katikati ya wale wawili, kama mama aliyekuta sufuria ya ndakala, dagaa wa ziwa, iko tupu.

"Njo weye."

Huku kwetu neno hilo ni kidole ndani ya jicho: ni wewe hasa, hakuna mwingine. Mutoto wa Kalemie, awe na kosa ao asiwe nalo, atabisha tu. Na tukitaka mutu akaribie, tunamwambia kuya.

"Miye nini tena, Mama?" Jovial alisema kwa hasira. "Umeniona wapi?"

Emile hakubisha. Kiswahili chake alikisoma kwenye vitabu, mbali sana. Yeye alisikia: njoo, wewe.

Akaondoa mukono kwenye robine. Akaja, kwa adabu.

Glock ilimupokea usoni.

Alielewa akiwa amechelewa. Mukono wake ulikimbilia mufuko. Risasi moja ikamuvunja goti, na bastola yake ikateleza mpaka chini ya meza.

"Papa Jovial, robine yake. Funga."

Jovial alijitupa juu ya robine ya Emile, akazungusha na mwili wote. Zabibu alimuvuta Elie chini.

Mulipuko.

Kipande cha chuma kilipita pale kichwa cha Elie kilipokuwa, kikazama ndani ya ukuta.

Mushale ukasimama.

Mama Léonie aliwasukuma walinzi, akaingia. Akamwita Elie. Elie hakugeuka. Alikaa sakafuni, damu ikitoka sikio la kushoto. Mama akamwita tena, karibu kabisa na sikio lile. Hakugeuka.

Akazunguka upande wa kulia.

"Mama," Elie alisema, "alikuwa rafiki yangu."

Mama hakumugombeza. Alishika pembe ya kitenge chake, akaanza kupanguza damu.

Motorola iliita.

"Mawe?"

"Yapo, Papa."

"Ulipiga wote wawili?"

"Mumoja. Kwenye goti."

"Amri yangu ilikuwa—"

Zabibu aliizima Motorola. Akafunga vifungo vya koti ya buluu, akatoka polepole, kama fundi aliyemaliza zamu.