Kamusi Alipoona Aibu Kuuliza

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi walimzunguka Kamusi dawatini kwake. Walimpa jina hilo kwa kuwa hakuna neno la Kiingereza lililomshinda, naye alitembea nalo kichwa juu. Aliyemtegemea zaidi alikuwa jirani yake Kimya, binti wa mama dobi. Wiki ile Kimya alikuwa na mtihani wa Kiingereza wa kupata nafasi ya kusomeshwa bure shule ya bweni. Akishindwa, angeacha masomo afue nguo za watu, maana mikono ya mama yake ilikuwa imevimba na kuchubuka kwa sabuni.

"Jana hukuwepo, jino lilikuuma," mwalimu alimwambia Kamusi. "Tulisoma wakati wa kutumia 'have'. Unalielewa somo hilo, au nirudie?"

Darasa zima lilimtazama. Kamusi mzima aseme hajui?

"Nalielewa, mwalimu."

Jioni Kimya alimfuata nyumbani. "Mwenzangu, hiyo 'have' imenichanganya. Naitumia lini?"

"Mbona kama kunywa maji! Popote unaposema 'nime' kwa Kiswahili, weka 'have'. Nimemwona jana: I have seen him yesterday."

"Una hakika? Mwalimu alisema kitu kuhusu jana."

"Unabishana na Kamusi?"

Kimya akacheka, akakariri hivyo hivyo.

Matokeo ya mtihani yakaja mabaya. Kimya alikosa nafasi kwa alama chache tu, na karibu zote zilipotelea kwenye 'have'. "Nani alikufundisha hivi?" mwalimu aliuliza. Kimya aliinamisha kichwa, hakumtaja mtu. Kamusi alikuwa palepale, akajifanya anatafuta kalamu mkobani.

Wiki iliyofuata Kimya hakuonekana shuleni. Kamusi alimkuta uani kwao, mikono ndani ya beseni hadi viwikoni, vidole vimeanza kuchubuka kama vya mama yake.

"Karibu, mwanangu," alisema mama dobi. "Mwenzio anakusifu kila siku."

Sifa zile zilimchoma Kamusi kuliko kofi. Alilia, akasema yote. Mama dobi hakumgombeza. Aligeuza uso tu, akatazama shuka alizoshindwa kukamua. Kamusi akaondoka mbio hadi kwa mwalimu, akamwambia naye.

Mwalimu alikuja naye uani jioni ileile, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Sikilizeni. I have lost my key. Nimepoteza ufunguo, na mpaka sasa niko nje. Jambo limetendeka, matokeo yake bado yapo, ndipo tunasema 'have'. Ukitaja jana au mwaka jana, iache. Sema: I saw him yesterday."

Kisha akamgeukia Kamusi. "Kuuliza si ujinga. Ungesema hujui, ungeona aibu kidogo, ikaisha. Sasa mwenzio amepoteza mwaka mzima, na mimi siwezi kuurudisha."

Alimwomba mama dobi amrudishe Kimya darasani, ajaribu tena mwakani. "Na nguo atafua nani?" mama aliuliza. Kamusi akakunja mikono ya sare yake, akachuchumaa kando ya beseni. Mama alimsogezea sabuni, akakubali.

Tangu hapo walifua pamoja kila baada ya masomo. Siku moja Kimya aliuliza swali jingine la Kiingereza, na wenzao wawili walikuwa wamesimama wakisubiri kumsikia Kamusi.

"Sijui," alisema Kamusi. "Tuanike hizi kwanza, kisha twende tukamuulize mwalimu."