Mkebe wa Dirishani

Kila Alhamisi, akina mama wa Ngezi, mjini Bunia, walikutana kusali. Nyumba zilipokezana zamu, na mwenye zamu alipika chai. Hata vita vilipouzingira mji, zamu haikufa.

Sukari ndiyo iliyokufa. Zamani Mbusa, mume wa Brigitte, mmoja wa akina mama hao, aliileta kwa magunia kutoka Aru. Sasa barabara ilishikwa na watu wenye bunduki. Zamu ya Brigitte ilipofika, mke wa muuza sukari hakuwa na hata chembe moja ya sukari.

Katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Brigitte aliishi Mama Immaculée, aliyekimbia mapigano ya Bambu. Alikuja kwa miguu, kichwani godoro, mkononi mkebe wenye mmea. Siku hiyo Brigitte alicheka.

"Benzako banakimbia na masufuria, weye unakimbia na majani?"

"Ni stevia, mama. Masista ndio walinipa. Nitakuonyesha kazi yake."

"Majani ni majani!"

Mkebe ukawekwa dirishani. Wiki tatu kabla ya zamu yake, Brigitte alihitaji chombo cha maharagwe. Aling'oa mmea, akautupa jalalani, akauosha mkebe. Mama Immaculée aliporudi kutoka kisimani, aliuona umejaa maharagwe. Alitua ndoo, akapita. Mgeni hana sauti katika nyumba ya watu.

Alhamisi ikafika. Denise, mwenye ulimi mkali, alikuwa wa kwanza kuonja chai. Akamgeukia Brigitte, waliyemwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Alliance, hii ni chai ao dawa ya minyoo?"

"Na bwana yake muchuuzi wa sukari!" akadakia mwingine.

Wakacheka. Brigitte alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hapo Mama Immaculée akaingia na kifundo cha kitambaa. Akakifungua, akatia katika birika majani makavu yaliyosagwa, kidogo tu, akafunika. Baadaye akamimina.

Denise alionja, akaonja tena. "Mungu wangu! Iko tamu! Mumeitoa wapi?"

"Ni majani ya Mama Alliance," alijibu Mama Immaculée. "Yalikuwa kwa dirisha yake."

Brigitte aliinamisha kichwa. Alikuwa amesitiriwa mbele ya watu, na sitara hiyo ilimchoma kuliko kicheko.

Wageni walipoondoka, Brigitte alimfuata Mama Immaculée chumbani.

"Mama, nilikosa. Nilitupa mali yako. Unisamehe."

"Yale makavu nilitoka nayo Bambu. Yameisha leo."

"Basi imekufa yote?"

Mama Immaculée akaonyesha kikombe kilichovunjika mshikio, karibu na dirisha dogo. Ndani yake kijiti kilikuwa kimechipua.

"Niliokota shina kwa takataka. Nikakata vipande vinne, nikatoa majani ya chini, nikavipanda. Vitatu vilioza. Hiki kimeshika."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Niko mugeni, mama. Na weye ulisema majani ni majani."

Brigitte alikiinamia kile kikombe. Akanong'ona, "Unifundishe."

"Kwanza, toboa mukebe chini. Maji ikisimama, mizizi inaoza. Tia udongo mwepesi na mbolea ya ng'ombe iliyooza. Weka mu nyumba, pale jua inaingia. Mbuzi haitafika, na risasi zikilia hautatoka inje kumwangia maji. Gusa udongo na kidole: ikikauka juu, mwangia kidogo. Kata ncha, itatoa matawi. Vuna kabla ya maua, kwa sababu maua ikitoka, utamu unapunguka. Kausha kwa kivuli, saga. Na usizidishe mu chai, itakuwa uchungu."

"Na mutu wa ugonjwa wa sukari?"

"Aulize kwanza muganga wa hospitali, na asiache dawa yake. Haya majani hayaponyi."

Brigitte alikwenda jikoni, akamwaga maharagwe kwenye kitambaa. Kwa mkono wake mwenyewe alitoboa mkebe kwa msumari.

Zamu ilimrudia baada ya miezi minne. Dirishani mikebe mitano ya miche iliyokatwa kwenye kile kijiti ilikuwa imesimama kwa mstari, na chai ilikuwa tamu.

"Mama Alliance," Denise alitania, "bwana amefungua barabara ya Aru?"

Wakacheka kwa furaha. Ilikuwa rahisi kucheka nao na kunyamaza. Lakini Brigitte alisimama.

"Majani ya siku ile hayakuwa yangu. Yalikuwa ya Mama Immaculée. Mimi niliing'oa stevia yake, nikaitupa kwa takataka, kwa sababu ya mukebe tu. Yeye akanifunika mbele yenu."

Brigitte akavuta kiti, akakiweka katikati ya akina mama.

"Ikala hapa, mama."

Mama Immaculée, ambaye siku zote aliwahudumia akiwa amesimama, akaketi. Brigitte akampa kikombe cha kwanza kwa mikono miwili.

Denise akakohoa. "Mama Immaculée," alisema kwa upole, "kwangu kuko mukebe. Iko na maharagwe, lakini nitaimwaga."

"Uilete," alijibu Mama Immaculée. "Na musumari."