Beki Asiyekaa Nyuma

Kila Ijumaa baada ya masomo, Eliana alipitia kisimani kuchota maji na kuyapeleka kwenye banda la gemu la Kaka Bonaventura, pembeni ya soko la Ilongero. Festo alifagia. Winfrida alipanga mabenchi na kufuta runinga. Vumbi la Ilongero halina adabu. Ukilifuta mchana, jioni limerudi na wageni wake. Kazi hizo ndizo zilizokuwa malipo ya watoto hao watatu kwa Kaka Bona, naye aliwaruhusu kucheza.

Gemu yenyewe ilikuwa ya mpira wa miguu, inayochezwa kwa mtandao dhidi ya timu za mbali. Kila mtoto alishika pedi yake ya kuchezea na kumwongoza mchezaji mmoja tu. Wengine uwanjani waliongozwa na mashine. Festo alikuwa mshambuliaji, Winfrida kiungo, na Eliana beki wa kati. Timu yao waliiita Ilongero Kombaini, na nahodha alikuwa Eliana. Unahodha huo ulimtoa jasho kuliko kuchota maji.

"Festo, toa pasi," alisema siku hiyo, hata kabla mpira haujamfikia Festo. "Toa pasi, nimesema. Winfrida, shuka. Mbona hushuki? Haya, sasa unashuka mpaka wapi?"

Walikuwa wakicheza na timu ya Babati. Festo alipata mpira, akampiga chenga mtu wa kwanza, akampiga chenga wa pili, kisha akageuka kumtafuta tena yule wa kwanza. Eliana alihisi kichwa kinamgonga. Huyu mtoto anaambiwa jambo moja tangu shule zifunguliwe, na haliingii. Basi akamtoa beki wake nyuma, akavuka katikati ya uwanja na kwenda kuuchukua mpira ule mwenyewe. Babati wakaunasa kabla hajafika, wakapiga pasi moja ndefu, na mshambuliaji wao akajikuta peke yake na kipa. Likawa bao.

"Umeona?" Eliana alimgeukia Festo. "Umeona ulichofanya?"

"Mimi nilikuwa huku mbele," Festo alijibu. "Bao limefungwa kule nyuma."

"Limefungwa kwa sababu hutoi pasi."

Winfrida hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliitazama runinga kwanza, kisha akasema polepole, "Lakini nyuma hakukuwa na mtu."

Eliana hakutaka kusikia habari za nyuma. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu mbele na katikati, na aliyasema yote mpaka mechi ikaisha. Walifungwa matatu bila.

Kaka Bona alizima runinga akiwatikisia kichwa. "Kesho jioni ni mechi ya mwisho ya msimu," alisema. "Mkitoka sare mnabaki kwenye daraja lenu. Mkifungwa mnashuka. Na bando langu si maji ya kisima. Saa ya mtandao naipa timu iliyo daraja la juu, kwa hiyo mkishuka wataichukua vijana wa bodaboda. Ninyi mtacheza na mashine."

Hakuna aliyetaka kucheza na mashine. Mashine haitaniwi, haikasiriki, na ukiifunga haina habari.

Njiani Festo alitembea mbele peke yake. Walipofika njia panda, alisimama bila kugeuka. "Kesho jioni tafuteni mtu mwingine," alisema. "Nimechoka kupigiwa kelele."

"Usije basi," Eliana alisema, kisha akajuta, lakini Festo alikwisha kwenda zake.

Hata hivyo, asubuhi walikutana. Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya josho, na nyumba zao tatu zilikuwa na desturi ya kuunganisha ng'ombe na kuwapeleka kuogeshwa kwa pamoja. Njia ya josho ilikuwa nyembamba na msimu ule ilipita katikati ya mashamba, ndiyo maana kila mtu alipewa upande wake. Shangazi Febronia, dada wa baba yake Eliana, alitangulia mbele. Winfrida alikaa nyuma ya kundi. Festo alichukua kushoto, kwenye vichaka, na Eliana kulia, kwenye alizeti ya Mzee Obadia iliyokuwa imeanza kutoa maua.

"Mtu asiache upande wake," Shangazi Febronia aliwakumbusha, kama alivyowakumbusha kila siku ya josho.

Walikwenda vizuri mpaka walipofika bondeni. Hapo dume jeusi la kina Festo liliingia kichakani kushoto, likaanza kula majani kwa starehe zake. Festo alilifuata taratibu, akilipigia mluzi. Kichakani hakukuwa na mazao wala hatari yoyote, na Festo hakuwa na haraka.

Eliana alikuwa na haraka. Alimtazama Festo akipiga mluzi, akalitazama dume likitafuna, na hasira ya jana ikampanda upya. Dume moja tu, na limemshinda. Kila kitu mpaka afanye Eliana. "Hivyo sivyo," alisema, akapita katikati ya ng'ombe na fimbo yake, akaenda kulitoa dume la watu.

Alilitoa kweli. Alipogeuka, kulia kwa njia hakukuwa na ng'ombe. Walikuwa ndani ya alizeti, wote waliokuwa upande wake, na mashina yalikuwa yakilala chini huku yanalia chini ya kwato.

Iliwachukua muda kuwatoa, maana ng'ombe aliyeonja alizeti hana masikio. Walipomaliza, Mzee Obadia alikuwa amesimama kwenye mpaka wa shamba, mikono nyuma, akiyatazama mashina. Watoto walimwamkia wote, "Shikamoo, babu." Akaitikia marahaba kwa sauti ndogo.

"Nani alikuwa upande huu?" Shangazi Febronia aliuliza.

"Shangazi, Festo alikuwa anachelewa na lile dume, sasa mimi nikaona..."

"Sijauliza habari za Festo. Nimeuliza nani alikuwa upande huu."

Eliana alizitazama ndara zake zilizojaa udongo. "Mimi," alisema. "Nisamehe, babu."

Mzee Obadia alivuta pumzi. "Kaogesheni ng'ombe kwanza," alisema. "Mkirudi, hayo yaliyolala uje uyasimamishe, uyafungie miti. Yaliyovunjika basi tena, na wakati wa kuvuna utakuja kunisaidia."

Baada ya josho, Eliana alirudi shambani na kamba za katani. Alidhani atafanya kazi peke yake, lakini Winfrida alikuja na vijiti, na Festo akaja nyuma yake bila kuitwa. Waliinua shina, wakasimika kijiti, wakafunga, wakaenda kwenye jingine, na jua likiwachoma migongo.

"Yale mabao ya jana yalikuwa yangu," Eliana alisema mwishowe.

"Yote?" Festo aliuliza.

"La tatu ni lako."

Festo alicheka, na Winfrida pia. Kisha Festo akasema, "Unajua kwa nini sitoi pasi? Nikitoa ikapotea, unanisema. Nisipotoa unanisema. Halafu nikiinua macho nakuta umenifuata, nyuma ni uwazi mtupu. Bora nikae na mpira wangu."

Jambo hilo Eliana hakuwahi kulifikiria. Alizoea kuhesabu makosa ya Festo, na hakujua kwamba mengine aliyapanda mwenyewe. Winfrida aliokota kijiti, akachora njia ya josho mavumbini. "Tukae hivi, kila mtu na upande wake," alisema. "Festo mbele, mimi katikati, Eliana nyuma. Mpira ukiwa kwa mtu, mwache nao. Ukimpotea, wengine tupo."

Jioni walikuwa watatu kwenye benchi. Wapinzani walikuwa timu ya Kahama, na walikuwa wepesi. Mapema tu walifunga kwa kona. Eliana alifungua mdomo, akaufunga. Festo alipata mpira, akapiga chenga ya kwanza, akapiga ya pili. Kidole gumba cha Eliana kilimwasha juu ya pedi. Mtoto huyu bado ni yuleyule, alijisemea, atakuja kunizeesha. Festo akapoteza mpira, na Kahama wakapiga pasi yao ndefu.

Safari hii beki alikuwa nyumbani. Aliunasa mpira na kumpa Winfrida, Winfrida akampa Festo. Hakuna aliyempigia kelele, na kwa mara ya kwanza Festo aliinua macho yake. Alimwona Winfrida akija katikati bila mtu, akamsukumia mpira, naye Winfrida akaupiga wavuni. Matokeo yakawa moja kwa moja.

Dakika zilizobaki zilikuwa za mateso. Shangazi Febronia alichungulia mlangoni, akiwa anakwenda sokoni kununua chumvi. Watoto walimwamkia bila kuondoa macho kwenye runinga.

"Wewe ni yupi hapo?" alimuuliza Eliana.

"Huyu wa nyuma, shangazi."

"Mbona wenzako wanahangaika, wewe umesimama?"

"Huu ndio upande wangu," Eliana alisema, na jasho lilikuwa likimtiririka kwa kusimama.

Kahama walikuja tena, wakamkuta pale pale. Filimbi ikalia. Sare. Kaka Bona alipiga makofi mara moja, akaandika kwa chaki ukutani kwamba saa ya mtandao ya Ijumaa ni ya Kombaini. Festo akamgeukia nahodha wake. "Leo hujanisema," alisema.

"Zile chenga nitazisema kesho," Eliana alijibu, na wote wakacheka.

Shangazi Febronia hakuwa ameelewa gemu, lakini neno 'upande wangu' alilielewa, akasogea karibu na benchi. "Eliana, kuwa kiongozi si kufanya kazi ya kila mtu," alisema. "Ukiiacha kazi yako ukaenda kuishika ya mwenzako, yako inaharibika, na yeye hajifunzi yake. Mwache mwenzako akosee akiwa na kazi yake mkononi. Yeye ajue tu kwamba akigeuka, atakukuta ulipo."

"Nimesikia, shangazi."

"Vizuri. Sasa inuka tukanunue chumvi. Na kesho baada ya ibada, alizeti ya Mzee Obadia bado ina mashina yaliyolala, upande wako."

Eliana aliweka pedi chini, akasimama. Festo na Winfrida nao wakasimama.