Aliyemo Tangini

Nkusi aligonga tangi la gari kwa spana, na kutoka ndani ya maji kitu nacho kikagonga.

Ndivyo walivyopima maji pale kituo kidogo cha zimamoto juu ya mtaa wa Biryogo tangu geji ilipokufa. Unagonga kuanzia juu ukishuka, na sauti ikibadilika, hapo ndipo maji yalipoishia. Nkusi, dereva wa gari, alikuwa amegonga miaka mingi bila kujibiwa.

“Shefu, njoo usikie,” alinong'ona.

Eustache, mkuu wa kituo, aliweka sikio, kisha akanusa. Tangini mlitoka harufu ya nywele zilizoungua.

“Hii maji ulitoa wapi?”

“Kule bondeni, kwa chemchemi. Robine zote za mabomba ziko kavu, shefu. Nilitumbukiza mpira wa pampu, nikavuta.”

“Ulibisha hodi?”

Nkusi alitikisa kichwa. Watu wa Biryogo hawachoti pale kabla ya kupiga hodi, kama mlangoni kwa mtu. Yeye alikuwa na haraka, na pampu haina adabu.

Wakamwita Mwalimu Hamimu, mtoa mashetani na majini. Hakuvuka geti. “Maji hii iko na mwenyewe, na iko na hasira. Rudisha yote leo. Lakini mtu asilowe. Atakayelowa, jini atahamia ndani yake.”

Nkusi akawasha gari, Eustache pembeni yake. Walipofika kwenye mteremko, mchana kweupe, moshi mweusi ulikuwa ukipanda kutoka kibanda cha mafundi cherehani. Humo ndimo alimoshonea Daphrose, mke wa Nkusi. Alikuwa ameshika nondo za dirisha, akipiga kelele.

“Usifungue maji!” Eustache alimkamata mkono Nkusi, aliyekuwa tayari na mpira. “Tulete mchanga!”

“Yewe shefu, ni mke wangu! Nitapiga pembeni tu, sitamgusa.”

Akafungua. Maji yakafyatuka meusi, yakinuka nywele, na ingawa Nkusi aliuelekeza mpira kwenye paa kwa nguvu zake zote, ule mpira ulijinyonganyonga mikononi mwake, ukageuka, na maji yakapita katikati ya moto bila kujali moto, yakatafuta dirisha, yakamfunika Daphrose kuanzia utosini, na palepale, majirani wakirudi nyuma huku wakimtaja Mungu, miale yote ikazimika kwa mara moja na kibanda kizima kikawa kimya.

Nkusi alivunja mlango akambeba nje. Alikuwa hai, hana hata lengelenge. Nkusi alilia kwa furaha mbele za watu.

“Mama Gwiza, ni mimi. Umepona.”

Daphrose alifumbua macho. Alitazama mikono yake, akaigeuzageuza, akajipapasa uso taratibu, kama mpangaji anayekagua chumba.

“Pazuri hapa,” alisema kwa sauti nzito ya kiume. “Yule mwanamke nimemtoa. Alikuwa anakuita mpaka mwisho.”